Kakuma Si Neno la Kiswahili

Wadau, leo niko na kesi. Kuna sentensi moja inazunguka kwa makala na vitabu vya wageni, na juzi nimeikuta tena kwa video ya mtu wa Nairobi: eti "Kakuma" ni neno la Kiswahili, na maana yake ni "hakuna mahali".

Manze, mimi nimezaliwa Lodwar. Nimeongea Kiswahili nyumbani, shuleni, stendi na sokoni. Sijawahi kusikia mtu akisema "naenda kakuma" akimaanisha haendi popote. Chukua kamusi yoyote uipendayo, tafuta. Halipo. Lakini sentensi imeshakuwa kama ukweli kwa sababu inapendeza: kambi ya wakimbizi jangwani, jina lake "hakuna mahali". Nani atasumbuka kuuliza Mswahili?

Nilimtumia rafiki yangu wa Kakuma ile video. Wazazi wake walitoka Kongo, yeye amezaliwa kambini. Akanijibu na voisi noti ya sekunde nne: "Sasa mimi nilizaliwa wapi?"

Hiyo voisi noti ndiyo imezaa posti hii.

Tulikuwa tumepanga safari ya wikendi, tukafanye kontenti kama zile mnazopenda: hema, njia za kutembea, magofu, maji. Wenzetu wa chini wanaenda maporomoko ya Thomson pale Nyahururu asubuhi, wengine wanapiga picha Gedi na Fort Jesus. Sisi tukasema twende Kalokol, tuone nguzo za Namoratunga, halafu tulale Eliye kando ya ziwa. Mimi natoka Lodwar, yeye anatoka Kakuma, kama kilomita 120 kaskazini magharibi. Shida ni kwamba mkimbizi hatoki kambini hivihivi, lazima awe na karatasi ya ruhusa. Aliomba. Siku ya safari ikafika, karatasi haijafika. Nikaenda peke yangu, nikaahidi kumsimulia kila kitu.

Basi hii ndiyo simulizi yenyewe.

Ukitoka Lodwar kuelekea Kalokol, barabara inapita kwenye ardhi tambarare, mawe meusi, miti ya miiba, mbuzi na ngamia. Kabla ya kufika Kalokol, kando tu ya barabara, kuna nguzo 19 za mawe ya volkeno zimesimama zimeinamiana. Ukiwa kwa probox na unachezea simu, umepita. Ndizo Namoratunga, kwa Kiturkana ni kama kusema "watu wa mawe". Wazee wanasimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma, wakacheka kitu wasichopaswa kukicheka, wakageuka mawe palepale walipokuwa wanacheza. Ukiziangalia jioni, jua likiwa chini, huwezi kubisha sana.

Hapa lazima nikiri kosa. Miaka miwili iliyopita nilifanya video nikasema nguzo hizi ni kalenda ya nyota ya miaka 2300 iliyopita. Sikuitoa kichwani. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walichapisha kwamba nguzo zimepangwa zikielekea nyota fulani, zile zinazotumika kwenye kalenda ya Waborana. Stori tamu, ikaenea. Lakini baadaye mtaalamu mwingine, Robert Soper, alirudi kupima akakuta mawe yenyewe yana usumaku unaovuruga dira. Yaani kifaa cha kupimia kilikuwa kinadanganywa na kitu kinachopimwa. Video yangu bado iko, nimeiwekea komenti ya kusahihisha juu kabisa. Siwezi kulalamika kuhusu "hakuna mahali" na mimi mwenyewe nilibeba stori tamu bila kuuliza.

Tunachojua sasa ni kikubwa zaidi ya kalenda. Kuna maeneo kadhaa ya nguzo kama hizi pande zote mbili za ziwa. Lililochimbwa kwa makini zaidi ni Lothagam Kaskazini, na matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Ni makaburi. Watu walianza kuyajenga kama miaka 5000 iliyopita, wakachimba shimo kubwa katikati ya jukwaa la mawe, wakazika humo angalau watu 580, kisha wakaja kulifunika na kusimamisha nguzo. Nguzo zenyewe zilibebwa kutoka mbali kidogo, si kazi ya mtu mmoja na punda wake.

Na hapa ndipo nilipokaa chini kwenye mchanga nikafikiria. Mashuleni tumefundishwa kwamba majengo makubwa ya kale yalitaka mfalme: Misri na mafarao wake, watumwa, mijeledi. Lothagam hakuna dalili ya mfalme. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wadogo wamezikwa pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake, shanga za mawe za rangi au mifupa. Kuna mtu alizikwa na pambo lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Fikiria subira ya aliyelishona! Hawa walikuwa wafugaji, wa kwanza kabisa kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo eneo hili. Watu wa kuhamahama, walewale ambao serikali moja baada ya nyingine zimesema "hawajatulia, hawana historia". Walijenga bila bosi.

Kwa nini walijenga? Angalia ziwa. Kabla ya hapo, Sahara yenyewe ilikuwa na majani na maziwa, na Ziwa Turkana lilikuwa makumi ya mita juu ya lilipo leo. Lilikuwa linafurika mpaka maji yake yanafika Nile, ndiyo maana leo tunakula mbuta na tunaogopa mamba wale wa Nile. Kisha mvua zikapungua. Ziwa likarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na nyika ikafunguka. Wafugaji wakaingia wakikimbia ukame wa kaskazini, wakakuta wavuvi waliokuwa hapa tangu zamani. Watafiti wanaona kwamba nguzo zilikuwa mahali pa kukutania: dunia inabadilika, hujui mvua itanyesha wapi, basi unahitaji watu. Mnakutana, mnazika wafu wenu pamoja, mnakuwa ndugu.

Kwa hiyo mkiniuliza maporomoko yako wapi, jibu ni kwamba mmechelewa miaka elfu kadhaa. Lakini ufuo wa zamani bado uko, na unaweza kutembea juu yake.

Usiku ule nililala Eliye, hema chini ya mikoma, chemchemi inatiririka nyuma yangu mpaka mchangani. Upepo wa Turkana haubembelezi mtu, funga hema vizuri. Asubuhi ukitazama ziwani unaona Kisiwa cha Kati, mbuga ya taifa yenye vijiziwa ndani ya kreta zake, kimoja kimepewa jina la mamba na kwa sababu nzuri. Pamoja na Sibiloi na Kisiwa cha Kusini, ni urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu 2018 uko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nikiwa pale nikamkumbuka mzee mmoja jirani yetu Lodwar. Nilipokuwa mdogo alikuwa akituambia, "Kijana, huku tulifungiwa sisi kabla hajafungiwa Kenyatta." Sikuelewa. Sasa naelewa. Wakati wa mkoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Baada ya kutunyang'anya mifugo kwa bunduki, ikiwemo ile operesheni ya Labur ya 1918, Waingereza walifunga mlango na kutuacha. Kisha wakapata matumizi ya huo ukimya: jela. Kenyatta na wenzake watano, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko, walipohukumiwa Kapenguria 1953, walipelekwa Lokitaung. Mwaka 1959 Kenyatta akaletwa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi mpaka 1961. Nyumba bado iko mjini, nendeni mkaione.

Sasa unganisha. Huwezi kumfungia mtu "hakuna mahali" mpaka kwanza upatengeneze hapo mahali pawe "hakuna". Unafunga barabara, hujengi shule, unaandika kwa ramani kwamba ni jangwa tupu. Miaka 30 baadaye, 1992, vijana waliokimbia vita Sudan wanatafutiwa pa kuwekwa, na kidole kinaangukia wapi? Ukishaitwa tupu, utajazwa na kila mtu asiyetakiwa kwingine. Siwalaumu waliokuja. Nalaumu ile tabia ya kuona hapa ni stoo.

Na kuhusu Kakuma kuna stori ambayo kila mtoto wa Kiturkana ameisikia. Kambi iko kando ya Tarach, laga inayotoka magharibi upande wa Uganda. Wazee wanasema zamani, wakati wa ukame, mwanamke aitwaye Nayece aliacha nyumbani kwao Karamoja, kwa Wajie, akafuata nyayo za fahali aliyepotea. Akashuka mpaka bonde la Tarach, akakuta matunda mwitu ya kutosha, akabaki. Vijana waliotumwa kumtafuta fahali wakamkuta na fahali wake, wakaona nchi ni nzuri, wakarudi kuwaita wenzao. Ndivyo Waturkana tulivyoanza, kwa simulizi yetu wenyewe.

Soma tena hiyo aya polepole. Mama yetu sisi sote ni mtu aliyekimbia njaa, akavuka kuja huku, akapokelewa na mto uleule ambao leo unapita kando ya kambi. Hakuombwa karatasi.

Najua komenti zitakuja. "Wewe unasema tu, hujui maji yanavyopiganiwa Kakuma, hujui kuni, hujui mwenyeji anavyoona lori la chakula likimpita." Najua. Nina shangazi huko, ananiambia. Ugomvi upo na ni wa kweli, na mwenyeji kusahauliwa ni sehemu ya kesi yangu hii. Ila hakuna anayegombania maji mahali pasipokuwepo. Mgeni na mwenyeji wote wawili wameandikwa kwa sentensi ileile moja.

Kwa hiyo mkija, na ninataka mje, njooni vizuri. Chukueni mwenyeji awaongoze, mlipeni. Bebeni maji kuliko mnavyodhani. Msimpige mama picha bila kumwomba. Namoratunga msipande juu ya nguzo kupiga selfi na msichonge majina, yale ni makaburi, na mtu hakanyagi kaburi la bibi yake. Nilipokuwa pale mama mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake alinionyesha cha kufanya: okota kijiwe, kiweke juu ya nguzo, uende zako. Niliweka viwili.

Nilimpigia rafiki yangu video kolu kutoka pale, mtandao ukikatakata. Nikamwonyesha nguzo moja moja, zote 19. Akaniuliza kijiwe cha pili ni cha nani. Nikamwambia ni chake, nimekuwekea, utakuja kukikagua mwenyewe.

Karatasi yake ilitoka Jumatano iliyofuata. Ruhusa ilikuwa ya Jumamosi iliyopita.

Ameomba tena.