Mlingoti wa Terrat: Redio ya Wafugaji ni ya Nani?

Ukitoka Arusha kwenda Singida au Dodoma kwa barabara, Babati huikwepi. Ni hapo njia zinapogawana. Mji wa Wagorowa, Wairaki, Warangi, Wabarbaig na kila aliyefuata biashara, na ukitoka nje kidogo tu unakutana na ng'ombe. Kama country ni muziki wa watu wa shamba na mifugo, basi Manyara ni country kamili, hata bila kofia na Jim Reeves (ambaye, tuseme ukweli, wazee wetu walimpenda mno).

Ila nyimbo za wafugaji hazijipeleki hewani zenyewe. Lazima kuwe na mwenye mlingoti.

Huko Marekani walilijua hilo mapema. Redio iliyoikuza country, WSM ya Nashville, ilianza Oktoba 1925, na mwenyewe alikuwa kampuni ya bima. Hata herufi zile tatu zilitoka kwenye kaulimbiu ya kampuni, kwamba inawakinga mamilioni. Mwezi uliofuata mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, alipiga fidla studioni, na kipindi kilichozaliwa hapo ndicho Grand Ole Opry. Mawakala wa bima walipita nyumba kwa nyumba wakijitambulisha kwa jina la kipindi, na milango ikafunguka. Yaani muziki wa wakulima maskini uliuza bima kwa wakulima haohao. Ujanja, lakini nyimbo zilipata pa kusikika kila Jumamosi.

Kwetu mwenye mlingoti alikuwa serikali. Mwaka 1965 Shirika la Utangazaji Tanganyika liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine. RTD ilirekodi bendi na ngoma za makabila, kazi kubwa ambayo hakuna mfanyabiashara angeigusa wakati ule. Lakini kanda zilibaki Dar es Salaam, kwenye makabati ya redio. Mtu wa Babati alisikia wimbo wa kwao pale tu mtu wa Dar alipoamua kuupiga.

Sheria ya 1993 ikafungua mlango. Radio One ya Reginald Mengi ikaja 1994, Radio Free Africa ya Antony Diallo ikasikika kutoka Mwanza, makanisa nayo yakajenga zao. Matajiri, wanasiasa, dini: hao ndio wamiliki wa redio tuliowazoea.

Ndio maana kisa cha Terrat kinanivutia. Mwaka 2002 Manyara ilimegwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Mwaka huohuo, wilayani Simanjiro, kijiji cha Terrat kikaanza kurusha Orkonerei. Si ya tajiri wala ya askofu. Ni ya IOPA, shirika la wafugaji wenyewe lililoongozwa na Martin Kariongi, shirika hilohilo lililojishughulisha na maziwa. Pale redio ilikuwa chombo cha kazi kama kopo la kukamulia: mifugo, malisho, ardhi, na nyimbo za Kimaasai katikati.

Halafu lugha ikaleta kasheshe. Kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Ukiwa Dar hiyo ni hoja ya umoja wa taifa, na sidhani ni hoja ya kubezwa. Kiswahili ndicho kinachomwezesha Mbarbaig na Mrangi kugombana bei sokoni Babati wakaelewana. Ukiwa Terrat, na mama anayekusikiliza anajua Kimaa peke yake, hoja hiyo inamfungia redio ambayo ni yake. Wimbo hupenya, kwa sababu huchukuliwa kuwa burudani. Habari ya chanjo ya ndama ndiyo inayotakiwa itafsiriwe kwanza, tena kwa lugha asiyoielewa.

Kwa hiyo umiliki una ngazi mbili. IOPA inamiliki mlingoti na jenereta. Masafa ni ya serikali, na leseni hutoka TCRA, mamlaka iliyoundwa 2003, mwaka mmoja baada ya Terrat kuanza kusikika. Kampuni ya bima ya Nashville haikuambiwa kamwe mzee Thompson apige fidla kwa lafudhi ya New York.