Jibu Moja Tu: Mtihani wa Kuchagua Ulikotoka

Mwaka 1912 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi ya mwanafunzi mmoja ya mtihani wa Kiingereza, wakainakili na kuituma shule nyingi za sekondari isahihishwe. Majibu ya walimu 142 yalipokusanywa, kuna aliyetoa alama 64 na kuna aliyetoa 98. Waliowatetea walimu wakasema lugha ni suala la ladha, hesabu haziwezi kuleta mambo hayo. Basi mwaka uliofuata ikatumwa karatasi ya jometri. Huko ndiko kulikoharibika kabisa: kazi ile ile ilipata chini ya 30 kwa mmoja na zaidi ya 90 kwa mwingine. Wapo waliokata alama kwa sababu ya uchafu wa kazi.

Frederick Kelly wa Kansas, ambaye naye alikuwa amefanya utafiti kuhusu alama za walimu, akaja na dawa. Mtihani wake wa kusoma kimya wa mwaka 1915 ulichukua dakika tano. Swali moja lilimtaka mtoto azungushie mstari mnyama mwenye faida shambani kati ya ng'ombe, simbamarara, panya na mbwa mwitu. Jibu ni moja, hakuna nusu alama wala huruma.

Lakini hebu mtoe simbamarara, umweke paka. Mkulima yeyote aliyeliwa mahindi na panya ghalani atamzungushia paka bila kusita, na swali litakuwa limevunjika. Kelly hakuufuta uamuzi wa mtu; aliutoa kwa msahihishaji akamkabidhi mtunga mtihani, ambaye mtahiniwa hamwoni.

Jeshi la Marekani lilionyesha mapema hatari ya kumkabidhi mtunga uamuzi huo. Mwaka 1917 na 1918, chini ya mwanasaikolojia Robert Yerkes, askari zaidi ya milioni 1.7 walipimwa akili kwa makundi. Mtihani wa waliojua kusoma uliuliza, kwa mfano, Crisco ni nini: dawa ya dukani, dawa ya kuulia vijidudu, dawa ya meno au chakula? Ni mafuta ya kupikia. Mhamiaji aliyeshuka melini juzijuzi angejuaje? Usahihishaji ulikuwa wa haki tupu. Upendeleo ulikaa ndani ya swali.

Kilichoueneza mtindo huu, kwa maoni yangu, ni urahisi wake kuliko haki yake. Reynold Johnson, mwalimu wa Michigan, aligundua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme, na mwaka 1938 IBM ikaanza kuuza mashine iliyotokana na wazo hilo. Hakuna msahihishaji wa insha anayeweza kushindana na umeme.

Kenya ilijaribu kuwaoza wawili hao, mashine na msahihishaji wa insha. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwanza mwaka 1985, ulikuwa wa maswali ya kuchagua A hadi D, ila mtoto alitakiwa pia kuandika insha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mashine zikasoma vistari vya penseli, walimu wakakusanywa kusahihisha insha kwa macho yao. Ndoa hiyo ilidumu hadi mwaka 2023, darasa la mwisho la KCPE lilipofanya mtihani.