Fanusi ya Ramadhan: Taa Iliyotoka Kwenye Mkebe Uliotupwa

 

Kila Ramadhan ikikaribia, hapa kwetu huzuka maneno. Vijana wanataka kupamba: msikiti, madrasa, mahali pa kufuturishia, hata kibaraza cha nyumbani. Mmoja atasema tukanunue zile taa za kumetameta dukani. Mwingine atasema hizo ni za Krismasi, tusiige watu. Wa tatu atasema mapambo yote ni bid'a, yaachwe. Halafu mzee mmoja atauliza swali la kuwanyamazisha wote: pesa zenyewe ziko wapi?

Basi kabla hatujabishana, si vibaya tukaangalia historia kidogo. Liko pambo moja la Ramadhan lililodumu miaka na miaka, na waliolikuza ni mafundi wa kawaida, wakitumia bati la mikebe mikuukuu na vipande vya vioo. Pambo hilo ni fanusi ya Misri. Habari yake ina majibu ya maswali yote manne hapo juu.

NENO TUNALO WENYEWE

Kwanza tuelewane: fanusi si neno geni kwa Mswahili. Kamusi zetu zinalo, na maana yake ni taa ya kubebwa mkononi. Tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wagiriki. Ndugu yake ni kandili, ambalo pia limetujia kwa njia ya Kiarabu. Maneno haya mawili yanatukumbusha kitu ambacho kijana wa leo anaweza kukisahau: kabla ya stima, taa haikuwa pambo. Ilikuwa haja. Anayetaka kusimama kuswali usiku, kula daku, au kupita kichochoroni bila kuanguka mtaroni, alihitaji taa. Na Ramadhan ndio mwezi ambao watu hukesha kuliko miezi yote.

TAA MSIKITINI

Katika mapokezi, mtu wa kwanza kuwasha taa katika msikiti anatajwa kuwa ni Sahaba Tamim ad-Dari (R.A). Na sote tunajua kwamba ni Sayyidna Umar (R.A), katika ukhalifa wake, aliyewakusanya watu waswali tarawehe nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Ka'ab (R.A). Imesimuliwa pia kuwa Sayyidna Ali (R.A) alipita usiku wa Ramadhan akaiona misikiti inang'aa kwa kandili, akamuombea Umar dua kwamba Mola amtilie nuru kaburini kama alivyoitia nuru misikiti.

Angalia taa zile ziliwashwa kwa sababu gani. Hazikuwashwa ili watu waje kutazama taa. Ziliwashwa ili watu waonane wakiswali. Tulishike hilo, tutalirudia.

VISA VYA CAIRO, NA MWAKA UNAOKOSEWA

Sasa twende Misri. Ukimuuliza Mmisri fanusi ilianza vipi, atakusimulia kisa cha Khalifa al-Mu'izz wa ukoo wa Fatimiyya. Wanasema aliingia Cairo usiku wa Ramadhan akitoka upande wa Afrika Kaskazini, na watu wakatoka na fanusi kumlaki, na tangu siku ile ikawa ada. Ni kisa kizuri. Lakini mara nyingi husimuliwa na mwaka usio wake. Utaona wameandika mwaka wa 358 H. Mwaka ule (969 kwa hesabu ya Miladi) aliyeingia Misri ni jemadari wake, Jawhar, ambaye ndiye aliyeanzisha mji wa Cairo. Al-Mu'izz mwenyewe alifika Ramadhan ya mwaka wa 362 H, yaani 973. Kwa hiyo mwezi ni sawa, mwaka ndio umekosewa.

Kisa kingine kinamhusu mjukuu wake, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 mpaka 1021. Husimuliwa kuwa aliwakataza wanawake kutoka usiku isipokuwa Ramadhan, tena wakitanguliwa na kijana aliyebeba fanusi ili wanaume wajue kupisha njia. Visa vyote viwili ni masimulizi yanayopita mdomo kwa mdomo. Usivibebe kama ushahidi.

Nimeyasema haya kwa sababu wapo wanaoikataa fanusi wakisema Fatimiyya walikuwa Mashia wa Ismailia, na wapo wanaoitetea kana kwamba ni sunna. Wote wawili wanajenga juu ya kisa ambacho hakijathibitishwa. Kwa jinsi inavyoonekana, fanusi ni ada ya watu wa mji, imetokana na haja ya mwangaza. Si ibada, na hakuna thawabu maalumu ya kutundika taa mlangoni. Na ada hupimwa kwa mizani yake: ina manufaa? Ina madhara? Ina israfu? Hukumu yenyewe tuwaachie masheikh wetu, lakini tukawaulize tukiwa tunajua tunachouliza.

TAA ZA MASULTANI NA TAA ZA WATU

Tunapofika zama za Wamamluk, habari inakuwa wazi zaidi. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, ameeleza habari za soko la mishumaa la Cairo ambalo msimu wake mkubwa ulikuwa Ramadhan. Watu walinunua na kukodi mishumaa. Mingine ilikuwa mizito mpaka ikabebwa kwa magari ya kusukuma, watoto wakisindikizwa nayo kwenda tarawehe. Fikiria shangwe za mtoto siku ile!

Zama hizo hizo masultani waliagiza taa za kioo za kutundika misikitini, zimenakshiwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi zimeandikwa ile aya ya nuru ya Suratun Nur (24:35). Msikiti wa Sultan Hasan, ulioanza kujengwa mwaka 1356, ulikuwa na taa nyingi za namna hiyo. Leo taa hizo utazikuta kwenye makumbusho ya Cairo na ya Ulaya. Ni mali adimu, hakuna anayeziwasha tena.

Taa ya mtu wa kawaida ilikuwa nyingine. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, ameieleza fanusi ya kukunjwa: kitambaa kilichopakwa nta, kimetandazwa juu ya pete za waya, na juu na chini kuna kifuniko cha shaba. Zama zile anayetoka usiku mjini alitakiwa kubeba taa. Kwa hiyo fanusi ilikuwa kitu cha kila siku, kama vile leo mtu asivyotoka bila simu.

MKEBE UNAGEUKA NURU

Baadaye mafuta ya taa yalipoenea, na vyakula vikaanza kuuzwa ndani ya makopo, mji ukajaa bati la bure. Hapo ndipo fanusi tunayoijua leo ilipopata umbo lake. Kitongoji cha mafundi kinachojulikana sana ni mtaa wa Taht ar-Rab', karibu na lile lango la kale la Bab Zuwayla. Fundi alichukua makopo ya samli na ya jibini, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akayakata kwa mkasi wa bati. Vioo alivipata kwa wakata vioo, vile vipande vya pembeni visivyotosha dirisha. Akavipaka rangi nyekundu, kijani, bluu na manjano, akavishika kwenye fremu ya bati kwa kulehemu. Chini aliweka mlango mdogo wa kuingizia mshumaa. Kitu ambacho jana kilikuwa taka leo kinamfurahisha mtoto.

Ndani ya nyumba nako watoto walikuwa na kazi yao. Shule zikifungwa, daftari za mwaka uliopita hazikutupwa. Zilikatwa pembetatu na vipande virefu, zikabandikwa juu ya uzi kwa gundi ya unga na maji iliyopikwa jikoni kwa mama. Halafu uzi ukavutwa kutoka roshani hii mpaka roshani ya jirani ng'ambo ya pili, mtaa mzima. Zingatia hapo: uzi haukuweza kufungwa bila jirani kukubali kushika ncha ya pili. Kwa hiyo pambo lenyewe liliwafanya watu wabishiane hodi kabla ya mwezi kuandama.

PLASTIKI ILIPOINGIA

Kuanzia miaka ya 1990 soko la Cairo likaanza kujaa fanusi za plastiki kutoka China, zenye betri, zinaimba na hata kucheza. Mafundi wa bati wakapigwa na baridi. Watoto nao wakaanza kuringiana: yako inaimba, yangu haiimbi. Kitu kilichoanza na mkebe wa bure kikawa mzigo kwa mzazi asiye na kitu.

Mwaka 2015 serikali ya Misri ikapiga marufuku kuingiza nchini bidhaa za sanaa za kienyeji, fanusi zikiwamo, ili kuwalinda mafundi wake. Mwaka uliofuata, Novemba 2016, thamani ya pauni ya Misri ikaporomoka na vitu vya kutoka nje vikapanda bei. Watu wakageukia tena vya kwao: fanusi za mbao zilizokatwa kwa mashine, za kitambaa cha nakshi kile cha mafundi wa mahema, na zile za bati za mababu.

Na tangu mwaka 2013, wakazi wa kitongoji kimoja cha Matariya, Cairo, wamekuwa wakitandika meza ndefu za futari vichochoroni mwao, juu wametundika mapambo, kila nyumba inaleta chungu chake. Miaka ya korona ilisimama, kisha ikarudi. Mapambo yale watu huyapenda kwa sababu chini yake kuna sahani ya mgeni.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, sisi pia ni watu wa mkebe. Nani hapa Kenya hajui koroboi? Ile taa ndogo ya bati na utambi, iliyowasomesha wazee wetu wengi, ilitengenezwa na fundi wa jua kali kutokana na makopo yaliyotupwa. Nenda Kamukunji, Nairobi, ukasikie nyundo zinavyolia: mapipa yanageuka masanduku, majiko na karai. Ujuzi tunao. Basi kwa nini kamati ya vijana ichange maelfu kununua plastiki itakayozima kabla ya kumi la mwisho?

Hizi hapa kazi tatu ambazo watoto wa madrasa wanaweza kuzifanya Jumamosi moja:

1. Fanusi ya mkebe. Chukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, uoshe, punguza makali ya mdomo wake. Ujaze mchanga uliolowa na uushindilie vizuri ili bati lisibonyee. Chora hilali na nyota kwenye karatasi, uibandike, kisha toboa kwa msumari mdogo na nyundo ukifuata mchoro. Mwaga mchanga, tia waya wa kushikia. Ndani weka tochi ndogo. Mshumaa au koroboi karibu na karatasi na mapazia ni hatari, usijaribu. Nyundo na bati zisimamiwe na mkubwa.

2. Uzi wa bendera. Magazeti ya zamani na daftari zilizokwisha, kata pembetatu, bandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Lakini jihadharini na karatasi za madrasa! Yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu haikatwi wala haitundikwi mahali itakapodondoka ikakanyagwa. Zipitieni moja moja kwanza.

3. Taa ya chupa. Chupa ya maji ya plastiki, kata chini, paka rangi kwa nje au uzungushie karatasi ya peremende, itundike kichwa chini. Eid ikipita usiitupe mtaroni, iwekeni hadi mwakani. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 haihitaji sisi tuongeze taka kwa jina la Ramadhan.

Kisha fanyeni hesabu. Zile pesa zilizokuwa ziende dukani, pigeni zigeuke unga, sukari na tende kwa nyumba ambazo mnazijua hazina futari. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, bila ya mfungaji kupungukiwa kitu. Na Qur'ani, katika Suratul Israa (17:27), imewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Hakuna ujira uliotajwa kwa taa ya kumetameta.

Kwa hiyo yule mzee aliyeuliza pesa ziko wapi alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu ni kwamba hazihitajiki nyingi. Anayependa kupamba apambe kwa mkono wake na kwa kiasi, akijua ni ada na si ibada. Asiyependa asilazimishwe wala asigombane na mwenzake. Tarawehe ikianza, wote wawili wasimame safu moja.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu, azitie nuru nyumba zetu kwa Qur'ani, na ayatie nuru makaburi ya wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.