Dirisha la Los Angeles na Kadi ya Salaam



Novemba 1980, wapita njia karibu na majumba ya sanaa ya Lincoln Center mjini New York walikuta dirishani watu wenye kimo chao kamili wakiwatazama. Watu hao walikuwa Los Angeles, ng'ambo ya pili ya Marekani, nao waliwaona wenzao vivyo hivyo, wakazungumza kwa njia ya setilaiti. Hapakuwa na kiingilio, tangazo wala maelezo. Kazi hiyo, Hole in Space, ilikuwa ya wasanii wawili, Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz.

Usiku wa kwanza watu walishangaa, wakaulizana mko wapi. Usiku wa pili walikuja waliokwisha kuahidiana. Usiku wa tatu, televisheni zilipokwisha kutangaza habari, zilifurika familia, wakiwamo ndugu ambao hawakuonana kwa zaidi ya miaka 20. Halafu dirisha likazimwa.

Je, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na nini zama hizo? Tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na kadi ya salaam. Kati ya Iringa na Mbeya pana zaidi ya kilometa 300 za barabara kuu iendayo Zambia, na simu ilikuwa kitu cha ofisini. Mtu wa Mwanjelwa alijaza jina lake na orodha yake: shangazi wa Kalenga, rafiki wa Mafinga, wote wanaomfahamu. Kadi ikasafiri kwa posta hadi Dar es Salaam, ndipo salaam irudi hewani hadi Iringa. Mzunguko ulioje!

Wataalamu watasema hiyo si sanaa ya kuonana. Ni kweli, shangazi hakuweza kujibu papo hapo. Alipaswa kutafuta kadi yake. Lakini jirani alikuja mbio kumwambia ametajwa. Wapenzi wa salaam walijipachika majina ya utani, wakaunda vilabu, wakazoeana bila kuonana uso kwa uso.

Mei 2024 dirisha kama lile lilifunguliwa kati ya Dublin na New York. Baada ya siku chache tu lilibidi kufungwa kwa muda, maana baadhi ya watu walionyesha matusi na mambo ya aibu. Mimi naona sababu moja ni kwamba pale hakuna anayetaja jina. Mpeleka salaam alitangulia kujitaja, na mji mzima ukamsikia.

Leo simu ya mkononi inaonyesha sura, lakini humpigia yule tu uliye na namba yake. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umepita Iringa na Mbeya pia. Kwa nini basi halmashauri zisijaribu ukuta mmoja Soko Kuu la Iringa na mwingine Mwanjelwa, kwa juma moja? Hofu yangu ni mdhamini: tutaona chupa ya bia kabla ya kumwona mtu. Galloway na Rabinowitz hawakubandika hata jina lao.

Usiku wa kwanza pengine mama muuza nyanya wa Iringa atasema "Kamwene", na wa Mwanjelwa atajibu "Ugonile", kisha waulizane bei.