King'ora na Kihisi: Istilahi za Gesi Ndani ya Gari-nyumba

Gari ambalo Wamarekani wanaliita kwa herufi mbili, RV, bado halijapata jina moja la Kiswahili. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "gari la burudani", na msomaji wa Kiswahili ataona gari la matangazo lenye spika juu ya paa. Mimi nalipendelea gari-nyumba: lina vitanda, jiko, jokofu na mitungi ya gesi, na usiku watu hulala humo madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Waswahili wanaoishi Marekani na Kanada wanapolikodi au kulinunua, hukuta karibu na sakafu kifaa kidogo chenye taa ya kijani. Ndicho kinachohitaji jina.

Tuanze na neno lisilofaa. King'amuzi lingependeza kimaana, lakini lilishachukuliwa: liseme Kariakoo na muuza duka atakuuliza unataka cha dishi au cha antena. Kigunduzi ni zuri, na wengi hulitumia kwa moshi. Hata hivyo kifaa hiki kina kazi mbili, kunusa na kupiga kelele, na kila kazi ina sehemu yake. Ndiyo maana napendekeza kifaa kizima kiitwe king'ora cha gesi, na ile sehemu inayonusa iitwe kihisi.

Faida ya kuzitenganisha inaonekana kwenye kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza, kifaa hulia, nawe unaridhika. Lakini mara nyingi ulichojaribu ni umeme na sauti tu. Kihisi hakikunusa chochote. Kihisi huchakaa hata kama hakijawahi kukutana na gesi, na watengenezaji wengi hukipa miaka 5 hadi 7. Baada ya hapo unaweza kubaki na king'ora kinacholia vizuri sana kila unapokibonyeza, huku pua yake imekufa. Tarehe huandikwa nyuma ya kifaa, mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Swali gumu zaidi ni hili: gesi ipi? Neno "gesi" peke yake halitoshi, kwa kuwa gari-nyumba lina hatari mbili zisizofanana. Kiwango cha Marekani cha magari haya, NFPA 1192, kinataka watu walindwe dhidi ya zote mbili, na vifaa vingi vya sasa vinaziunganisha katika boksi moja.

Ya kwanza ni gesi ya mtungi, yaani propani. Ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hivyo ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni kama maji yanayotafuta bonde. Ndiyo sababu king'ora chake hufungwa chini. Ikifikia karibu asilimia 2 ya hewa ya chumbani, cheche moja inatosha kuilipua. King'ora hutakiwa kulia mapema, kabla gesi haijapita robo ya kiasi hicho. Propani yenyewe haina harufu. Ule uvundo tunaoujua hutiwa makusudi, ila aliyelala hawezi kuutegemea.

Ya pili ni kaboni monoksaidi, na hapa Kiswahili chetu kina mtego. Magazeti yanapoandika "hewa ukaa" hukusudia kaboni dayoksaidi, ile ya mabadiliko ya tabianchi. Kaboni monoksaidi ni nyingine: ndiyo inayoua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa. Katika gari-nyumba hutoka kwenye hita mbovu, jiko lililowashwa ili kupasha joto, au jenereta inayounguruma chini ya dirisha. Haina harufu wala rangi, uzito wake unakaribia ule wa hewa, na hushikamana na damu mahali pa oksijeni. King'ora chake hupima kiasi pamoja na muda: kikikuta sehemu 70 katika milioni kinaweza kusubiri saa moja hadi nne, lakini kwa sehemu 400 kinatakiwa kulia ndani ya dakika 4 hadi 15. Anayeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu asisubiri kelele.

Kwa hiyo tuseme king'ora cha gesi ya mtungi na king'ora cha monoksaidi. Ni majina marefu, lakini yanamwambia mtu la kufanya. Cha kwanza kikilia, zima moto wowote, usiguse swichi hata ya taa, fungua milango, toa watu, kisha funga valvu ya mtungi kutokea nje. Cha pili kikilia, toka kwanza ukapate hewa safi, hesabu watu, na mwenye dalili apelekwe kwa daktari. Usirudi ndani kulala eti kwa sababu kimenyamaza.

Matunzo ya king'ora ni machache. Fyonza vumbi kwa brashi laini, usikipulizie dawa ya kusafishia, usikipake rangi. Kikilia bila sababu inayoonekana, chunguza kwanza ndipo ukilaumu. Marashi ya nywele hukichokoza, na betri ya asidi inayochajiwa hutoa haidrojeni ambayo kihisi cha monoksaidi huweza kuichanganya na sumu yenyewe. Ving'ora vingi hutumia umeme wa volti 12 wa gari, navyo humaliza betri polepole gari likiegeshwa msimu mzima wa baridi. Wenye magari hutoa fyuzi, kisha safari ya kwanza ya kiangazi huanza bila mlinzi. Rudisha fyuzi, subiri taa ya kijani itulie, ndipo uwashe jiko.

Ukinunua gari-nyumba lililotumika, kifungue kifaa ukutani usome tarehe yake. Ikiwa imefutika, nunua kipya.