Mirathi, Hati na Kaburi: Maneno ya Kurithisha Ardhi katika Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambako lugha za asili zinazotofautiana kabisa huishi bega kwa bega. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi; Wadatoga, wakiwemo Wabarabaig, lugha ya Kiniloti; Wanyiramba, lugha ya Kibantu; nao Wahadza wa bonde la Yaeda, lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Wanapokutana sokoni, ofisini au mahakamani, wote hao hutumia Kiswahili. Kwa hiyo mwenye ardhi anapofariki, mgawanyo wa mali yake huanza nyumbani kwa lugha moja na kumalizika kwa lugha nyingine. Mhadhara huu unachunguza historia ya mgawanyo huo kwa kupitia maneno yake.

Msamiati wa Kiswahili wa kurithi umejengwa kwa matabaka. *Mirathi*, *mrithi*, *wosia*, *wasii*, *mali* na *hati* yametokana na Kiarabu, na yaliingia pamoja na sheria ya Kiislamu ya pwani. *Mjane* na *ukoo* ni ya Kibantu. *Setla* ni la Kiingereza. Istilahi *msimamizi wa mirathi* imeunganisha kitenzi cha Kibantu na nomino ya Kiarabu, kisha ikapewa kazi iliyoasisiwa na sheria ya Kiingereza. Msikilizaji anaposikia neno *mirathi* huweza kudhani kwamba linataja jambo moja. Historia yaonyesha vinginevyo.

Katika Tanganyika ya Waingereza, mgawanyo wa mali ya marehemu ulifuata mtu alikuwa nani. Mahakama zilirithi sheria zilizotumika tarehe 22 Julai 1920, ikiwemo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Hiyo ndiyo iliyohusu ardhi ya setla wa Kizungu aliyefariki bila wosia. Mwislamu alifuata sheria ya dini yake, na Mwafrika alifuata mila ya kabila lake.

Tofauti hizo hudhihirika kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa marehemu aliyeacha ekari 720, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa sheria ya India, mjane hupata theluthi moja, yaani ekari 240, na kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, hupata ekari 160. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane hupata thumni, yaani ekari 90. Kila mwana wa kiume ekari 252, na binti ekari 126. Kwa mujibu wa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotokana na kazi ya Hans Cory na kutumika katika wilaya ambazo halmashauri zake zililikubali, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo; watoto wake ndio wenye wajibu wa kumtunza. Mwana wa kwanza wa kiume hupata fungu kubwa kuliko wote, wana wengine wa kiume humfuatia, na mabinti huwa wa mwisho. Ardhi ya ukoo binti aliweza kuitumia, lakini hakuruhusiwa kuiuza.

Ekari ni zile zile, na neno ni lile lile, *mirathi*. Kilichobadilika ni jina la marehemu na la kabila lake.

Hata hivyo, fungu la familia ya setla nalo halikuwa imara kama hesabu inavyodokeza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, nayo haki ya kuimiliki ikatolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokuwa na milki huru tangu enzi za Wajerumani waliendelea nayo hadi mwaka 1963, ilipogeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki. Tangu hapo, kilichogawanywa baina ya mjane na watoto hakikuwa tena udongo, bali miaka iliyosalia katika hati.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani alihesabiwa kuwa na kitu cha kurithisha? Wabarabaig wa tambarare za Hanang walikuwa na utaratibu wao. Binti alipoolewa alipewa ng'ombe na wazazi wake, na ng'ombe hao wakawa msingi wa nyumba yake na wa urithi wa wanawe. Malisho hayakugawanywa kwa ekari, kwa kuwa yalikuwa ya jamii nzima. Mzee aliyeheshimiwa alijengewa *bung'eda*, kaburi la kichuguu, na wazao wake walilirejea kwa ibada vizazi kwa vizazi. Kaburi hilo lilikuwa kumbukumbu ya nasaba na ya ardhi kwa pamoja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mpango wa ngano ulioungwa mkono na Kanada ulitwaa takribani ekari 100,000 za malisho hayo, nazo zikawa chini ya shirika la umma NAFCO. Baadhi ya makaburi yalilimwa kwa matrekta. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walifungua shauri Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha, mmoja mmoja, kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya mwaka 1923. Hivyo neno *mwenyeji*, ambalo katika matumizi ya kila siku halimhitaji mtu kuleta ushahidi, liligeuka kuwa istilahi ambayo mzawa wa Hanang alitakiwa kuithibitisha. Setla alirithisha kwa hati. Mbarabaig alikuwa na kaburi, na kaburi halikusomeka mahakamani.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimerekebisha sehemu ya historia hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini Tamko la mwaka 1963 halikufutwa nayo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zake zinawabagua wajane, ila haikuzitengua. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliona kuwa Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliolalamika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo liko wazi. Kamusi hutafsiri *mirathi* kwa mstari mmoja. Nyuma ya mstari huo mna theluthi, thumni na sifuri, na kwa mjane wa Mbulu au Hanang tofauti baina ya tarakimu hizo ni tofauti baina ya kuwa na shamba na kutunzwa na wanawe.