Wageni na Wasio Wageni: Msamiati wa Kambi za Wamarekani wa Asili ya Kijapani, 1942–1946

Kuanzia mwezi wa Machi 1942, matangazo ya jeshi yalibandikwa kutani na kwenye nguzo za simu katika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani. Yaliwaamuru watu wote wa asili ya Kijapani, "wageni na wasio wageni", wajitayarishe kuondolewa. Istilahi hiyo ya pili yastahili kutazamwa. Mtu asiye mgeni katika nchi ni raia wake, wala Kiingereza hakikupungukiwa na neno la kumtaja raia. Lakini lau neno hilo lingalitumika, tangazo lingalikiri kwamba jeshi lilikuwa likiwatoa majumbani mwao raia wasioshtakiwa kosa lolote. Ikachaguliwa njia ya ukanushaji.

Chimbuko la matangazo hayo ni Amri nambari 9066, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 19 Februari 1942, majuma kumi hivi baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Amri yenyewe haikuwataja Wajapani popote. Iliwapa makamanda wa jeshi uwezo wa kutenga maeneo na kumwondoa humo yeyote waliyetaka. Kuchagua kabila la kuondolewa likawa jukumu la Jenerali John L. DeWitt. Waliofungiwa walikaribia 120,000, na thuluthi mbili kati yao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Wazazi wao waliozaliwa Japani walikuwa wageni kwa sababu tu sheria iliwakataza kuomba uraia, hata waliokuwa wamelima California miaka thelathini. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1952. Yafaa kukumbukwa pia kwamba katika visiwa vya Hawaii, palipopigwa bomu lenyewe, watu wa asili hiyo walizidi thuluthi moja ya wakazi, na hawakukamatwa kwa jumla. Kazi za visiwa zingalisimama.

Serikali ilizungumza kwa tafsida kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tendo la kuwatoa watu liliitwa uhamishaji wa dharura, kana kwamba mto ulikuwa umefurika. Viwanja vya mashindano ya farasi vya Santa Anita na Tanforan, ambamo familia zililazwa katika vyumba vya mazizi, viliitwa vituo vya kukusanyikia. Kambi kumi zilizofuata, toka jangwa la Manzanar na Poston hadi nyanda za baridi za Heart Mountain na vinamasi vya Rohwer, ziliitwa vituo vya makazi mapya, nazo zilikuwa na seng'enge na minara ya walinzi wenye bunduki.

Mwaka 1943 tafsida ilikaribiana na mtego. Watu wazima wa kambini walipewa hojaji ya uaminifu, ambayo swali lake la 28 liliwataka waape kuitii Marekani na kukana utii wowote kwa Mfalme wa Japani. Raia aliyezaliwa California alijiuliza atakanaje utii ambao hakuwahi kuwa nao, kwani kuukana ni kukubali kwamba ulikuwapo. Mzazi wake, asiyeruhusiwa kuwa Mmarekani, angalibaki bila nchi yoyote kama angaliitikia "ndiyo". Kwa hiyo wazee wakaandikiwa swali jipya. Waliojibu "la" wengi wao walipelekwa Tule Lake. Ni nadra kwa sarufi ya sentensi moja kuwatenganisha ndugu wa nyumba moja namna hiyo.

Mgogoro wa majina ulifika hata Mahakama Kuu, katika kesi ya Fred Korematsu iliyoamuliwa tarehe 18 Desemba 1944. Jaji Hugo Black, akiandika kwa niaba ya wengi, aliona si haki kuziita kambi hizo kwa jina lililotumika kwa kambi za Ujerumani. Jaji Owen Roberts, aliyepinga hukumu, alisema waziwazi kwamba majina rasmi yalikuwa tafsida tu za jina hilohilo.

Baada ya vita ulifuata ukimya. Wazazi wakisema "kabla ya kambi" au "yule tulijuana kambini", watoto wengi walidhani ni kambi ya mapumziko ya shule. Kizazi hicho cha watoto ndicho kilichoanza ziara za mwaka za Manzanar mnamo Desemba 1969. Mwaka 1973 kibao kiliwekwa hapo baada ya mabishano marefu na maofisa wa jimbo la California juu ya jina lilelile ambalo Jaji Black alilikataa. Wenyeji wa kumbukumbu wakashinda.

Aiko Herzig-Yoshinaga, aliyefungiwa Manzanar akiwa msichana, aligundua katika nyaraka za taifa nakala ya ripoti ya kwanza ya Jenerali DeWitt, ambayo nakala zake nyingine zilichomwa moto. Ndani yake jenerali alidai kwamba waaminifu na wasio waaminifu wa asili hiyo hawangeweza kutenganishwa kamwe. Wizara ya Vita iliibadilisha hoja hiyo, ikaandikwa kwamba muda ndio uliokosekana. Ushahidi wa aina hii ulisaidia kutanguliwa kwa hatia ya Korematsu mwaka 1983, na sheria ya 1988 ikaleta msamaha rasmi na dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai.

Mfasiri wa Kiswahili anakuta ugomvi huu mlangoni mwake. "Kambi za mateso", jina lililozoeleka, linamleta Hitler moja kwa moja. Mwaka 1998, onyesho la Ellis Island lilibidi liongezewe maelezo ya kutofautisha kambi hizo na zile za Wayahudi. "Kizuizini" ni neno lenye historia yake nchini Kenya tangu Hali ya Hatari ya 1952, na linabeba vizuri maana ya kufungwa bila hukumu. Kwa sababu hiyo lafaa zaidi. Ila "wasio wageni" yabaki ilivyo. Mfasiri atakayeandika "raia", kwa nia njema ya kunyoosha sentensi, atakuwa amemfanyia jenerali hisani.